Rangi za Mama wa Kashata

Asubuhi ile nilitoka kwa dada yangu Unyambwa nikiwa na ndoo, naenda kuchota maji. Hiyo ndiyo nia pekee niliyokuwa nayo, na hata hiyo haikufika mbali.

Nilikuwa nimekaa kwa dada tangu mavuno, muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mahali popote toka nilipoacha shule darasa la sita. Dada alishanizoea. Alikuwa amenipa kitanda changu, sahani yangu na msumari wangu wa kutundikia nguo, na mimi nikipewa msumari huwa naanza kuitazama barabara. Sikuwa na ugomvi na mtu. Ni miguu tu ilikuwa inawasha.

Nilishachota, ndoo iko kichwani, nikakuta lori limesimama kando ya njia, mdomo wazi, linafuka mvuke. Dereva alikuwa analipepea kwa kofia kama mtu anayepepea mgonjwa.

"Binti," akaita, "hayo maji unayapeleka wapi?"

"Nyumbani kwa dada."

"Dada yako ana rejeta?"

"Hana."

"Basi sisi tunayo."

Nikamimina. Rejeta ikanywa ndoo nzima, ikacheua, ikanyamaza. Dereva akafunika boneti, akanishukuru vizuri, akaniuliza naelekea wapi. Badala ya kumjibu nikamuuliza wao wanaelekea wapi. Akasema Kiomboi. Nikasema Kiomboi sijawahi kufika.

"Basi panda. Na ndoo ipande, maana huko mbele hili gari litaomba tena."

Jirani yetu mmoja alikuwa anapita na kuni. Nikamwomba amwambie dada kwamba maji yatachelewa kidogo. Yalichelewa mpaka masika yaliyofuata, lakini hayo ni mambo yangu na dada.

Huko nyuma ya lori kulikuwa na magunia ya sukari, na juu ya magunia kreti za soda, na katikati ya mzigo wanawake wawili. Kwa msomaji aliyezaliwa juzi, lazima niseme kidogo kuhusu magunia yale. Mimi nimekua wakati sukari ilikuwa inapimwa kwa kikombe kwenye duka la kijiji, baada ya foleni iliyoanza alfajiri, na mara nyingi ukifika mlangoni unaambiwa imekwisha. Chai tulikunywa kwa chumvi. Halafu zikaja siku za ruksa. Kila mwenye lori akaruhusiwa kuleta anachoweza kuleta: mitumba, betri, sabuni za kunukia, na sukari, sukari, sukari. Watu walitia vijiko kwenye chai kama wanaolipiza kisasi. Kwa hiyo kupanda juu ya lundo zima la magunia yale, kwangu, kulikuwa kama kukalia kiti cha chifu.

"Shikamoo mama," nikamwamkia yule mkubwa zaidi.

"Marahaba mwanangu. Karibu," akapigapiga gunia pembeni yake. "Karibu umkalie adui yangu."

Nilimtambua hapohapo. Nani aliyepita stendi ya Singida mjini asimjue mama wa kashata? Sinia lake lilikuwa mahali palepale siku zote, kashata nyeupe upande mmoja na nyekundu upande wa pili, na yeye nyuma yake na baibui lake na kanga begani, anafukuza nzi na wanaume wenye maneno mengi. Watu wa kwao walitoka pwani zamani wakachanganyika na wenyeji, na wanawe wana duka la vitambaa. Sasa alikuwa amenyoosha mguu wa kushoto juu ya gunia. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa safi, na kitambaa chenyewe kilikuwa cha njano kama kiini cha yai.

Mimi sina haya ya kuuliza. Nikauliza.

"Kisukari," akasema. "Wakati wa foleni nilikaa miaka bila kazi, sina sukari ya kupika hata kashata moja. Ilipokuja, nikapika, mwanangu, nikapika mpaka masufuria yakatoboka. Na mpishi lazima aonje. Sasa sukari imejaa mjini kote na daktari anasema mimi peke yangu nisiiguse."

"Na kidole?"

"Kidole kilipigwa na jiwe kidogo tu, kimekataa kupona. Daktari wa mjini ameniambia nikirudi kwake na sukari ileile, anakitoa." Akasema neno hilo *anakitoa* kama mtu anayezungumzia jino. Halafu akasogeza kanga usoni kidogo. "Na wanangu wamekubaliana. Kidole kikitoka, na sinia linatoka. Nikakae ndani kwa mkwe, niletewe uji."

Nikaelewa. Lakini hospitali ya mjini ipo, nikamwambia, mbona anakwenda Kiomboi?

Akanitazama kama nimeuliza swali la mtoto. "Mimi ni mfanyabiashara. Mizani ya mtu mmoja siiamini. Nakwenda kupimwa ugenini, mahali hawajui sura yangu wala duka la wanangu. Na safari hii nina dawa."

Akavuta kikapu, akatoa galoni. Ndani yake kulikuwa na kitu chekundu kizito, chekundu mpaka kikaelekea weusi, na lori liliporuka kwenye shimo kikapiga povu la waridi.

Ilikuwa choya. Mmea huo mnaujua, unaota pembeni mwa mashamba ya mtama: ua likishaanguka hubaki kikombe kinene chekundu, ukikikausha na kukichemsha kinatoa rangi ya kuogopesha. Yeye choya aliijua kwa kazi yake. Miaka ile ambayo hata rangi ya dukani haikuwepo, kashata zake nyekundu zilikuwa nyekundu kwa choya. Kisha muuza dawa mmoja sokoni akamwambia kwamba rangi kali ya mmea hukata sukari mwilini, na mama wa kashata, kama nilivyokuja kumjua, hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Alikunywa choya. Alikula zambarau mpaka meno yakawa kama ya mtu aliyetafuna wino. Alichemsha maganda ya vitunguu vyekundu akanywa supu yake. Alipika mchicha mwekundu, akanywa na maji yake. Kidonda akakipaka bizari ya manjano, ndiyo maana ya kile kitambaa.

"Kitu kinachokamata kwenye kidole na kukataa kutoka kwa sabuni," akaniambia, "hicho kina nguvu. Kikiingia kwenye damu na huko kitakamata."

Nilifikiri jambo hilo kwa kilomita kadhaa. Bado nalifikiri. Kwa nini mmea ujisumbue kutengeneza rangi? Muhogo umekaa mweupe na hakuna aliyeucheka.

Mwenzetu wa tatu alikuwa mama Mnyiramba anayerudi kwake Kiomboi, amepakata tetea ndani ya kikapu na mfuko wa magadi ya kupikia mlenda. Muda wote alikuwa ameshughulika na tetea wake, lakini mama wa kashata alipomimina choya kwenye kikombe cha bati na kutoa kichupa cha asali, akatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Hapo umefanya vizuri," akasema. "Asali ni dawa."

"Bila asali, hii kitu hainyweki. Inakausha ulimi."

"Na daktari si amekataza sukari?" nikauliza.

Wote wawili wakanigeukia pamoja.

"Sukari!" akasema mama wa kashata. "Ya kiwandani! Asali imetajwa wapi?"

"Huyu Mnyaturu," akasema mama wa Kiomboi, "kwao hawana nyuki?"

"Nyuki tunao, tumewakopesha nyie," nikajibu, maana Wanyaturu na Wanyiramba hatuwezi kukaa juu ya lori moja bila kutupiana. Lakini moyoni nilikubaliana nao. Nyumbani mtoto akikohoa anapewa asali, akiungua anapakwa asali, mgeni wa heshima anapewa asali. Nani angeiweka asali fungu moja na kitu kinachotoka kwenye gunia? Hata dereva, tulipofika kwenye kijito na lori likaomba maji kama alivyotabiri, tulimuuliza, naye akaapa kwamba babu yake alikula asali kila siku na alikufa kwa kuanguka mtini.

Hapo kijitoni ndipo asali ilipoacha kumiminika kichupani. Mama wa kashata akaonja choya tupu, akakunja uso wote.

"Uchachu unakushinda?" akasema mama wa Kiomboi. "Tia magadi. Sisi mboga yoyote ikiwa kali tunaituliza kwa magadi."

Likaonekana wazo zuri. Akachukua kipande kidogo, akakiponda, akakidondosha kwenye kikombe. Choya ikachemka bila moto. Ikapanda, ikatoa povu, na tulipopuliza povu tukaona chini yake hakuna tena wekundu. Kulikuwa na kitu cha buluu, buluu iliyokwenda kwenye kijani, kama maji ya kuoshea kalamu.

"Umeniulia dawa!" akapiga kelele mama wa kashata.

"Mimi? Mimi nimetia magadi tu! Hii choya yako umeitoa kwa nani?"

"Kwetu hakuna uchawi!"

"Na kwetu magadi hayajawahi kugombana na mboga!"

Tetea naye akaanza kupiga kelele ndani ya kikapu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kile kikombe na sikusikia vizuri yaliyoendelea. Kwenye kikapu cha mama wa kashata niliona limau. Sijui nini kilinituma. Nadhani ni kwa sababu magadi na limau vikikutana vinazomeana, na nilitaka kuona nani atashinda. Nikakata limau, nikakamua. Povu tena. Na kutoka katikati ya ile buluu, polepole, wekundu ukarudi, kama mtu aliyekuwa ametoka nje kidogo.

Dereva akavua kofia.

"Rudia," akasema mama wa kashata.

Nikarudia. Magadi, buluu. Limau, nyekundu. Tukafanya hivyo mpaka limau likaisha, na mwenye mzigo, ambaye alikuwa amekaa mbele na dereva, akashuka kutukumbusha kwamba soda zake zinachemka juani. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Shuleni nilitolewa nje mara nyingi kwa maswali yasiyo na mwisho, na hapa kikombe cha bati kilikuwa kinanijibu kila nikiuliza. Dereva akathubutu kunywa ile ya mwisho. Akasema ina ladha ya sabuni iliyotubu.

Kiomboi tulifika jua likiwa bado kali. Mama wa Kiomboi akatuelekeza hospitali na akatuonyesha kwa mkono paa la nyumba yake, nyuma ya soko, akasema tukikwama tuulize kwa mama wa magadi. Mimi ningeweza kuagana nao pale. Lakini mama wa kashata alikuwa ameshika bega langu ili ashuke, na baada ya kushuka hakuliachia.

Hospitalini wakamwomba mkojo, wakaupeleka maabara, kijumba chenye dirisha la kupokelea. Aliyekuwa pale ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, na nilipomwomba nitazame akasema tazama, usiguse. Mama wa kashata naye akaegemea dirisha. Mama wa maabara alikuwa na bomba dogo la kioo lenye maji ya buluu, buluu safi ya anga baada ya mvua. Akadondosha humo matone ya ule mkojo, akalishika kwa koleo juu ya moto mdogo.

Ile buluu ikawa kijani.

"Limau!" nikasema. Mama wa maabara akanitazama juu ya miwani.

Kijani kikawa njano. Njano ikawa rangi ya chungwa, na chungwa likaendelea kuiva mpaka likawa jekundu, jekundu la tofali lililotoka kwenye tanuri.

"Mashallah!" akasema mama wa kashata. Uso wake ulikuwa umefunguka wote. "Imekamata! Umeona mwanangu? Choya imeingia mpaka huko! Rangi hiyo hata kwenye kashata sijaipata!"

Mama wa maabara akaliweka bomba kwenye kishikio. Alipozungumza, alizungumza taratibu.

"Mama, tunapenda ibaki buluu. Ikiwa hivi, maana yake sukari ni nyingi sana."

Sijawahi kuona uso ukifungwa haraka vile. Mkono wake ukarudi begani kwangu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alikaa akasikiliza habari yote, ya kidole, ya daktari wa mjini, ya zambarau na maganda ya vitunguu. Kisha akaanza kuuliza.

"Sukari umeacha?"

"Tangu nilipoambiwa, wallahi."

"Soda?"

"Nimeletwa nazo lori moja, sikugusa."

"Kashata unaonja?"

"Naonja natema."

"Asali?"

Mama akanitazama mimi. Nikatazama kalenda ukutani.

"Asali," akasema kwa sauti ya mtu anayejua haki yake, "hamkuitaja."

Daktari akageukia dirisha. Mabega yake yalitikisika kidogo, na alipogeuka tena alikuwa ameshayatuliza. "Mama, asali na sukari ni tumbo moja. Mmoja anaishi mjini, mwingine porini. Ukimkaribisha yeyote, ujue umeukaribisha ukoo mzima."

Nikamuuliza kuhusu rangi. Sikuweza kujizuia. Akasema wapo wataalamu wanaoamini kwamba vitu vinavyoipa mimea rangi, huo wekundu, huo uzambarau, huo unjano, huenda vinausaidia mwili kuituliza sukari, na yeye hapingi, ila kwa kiasi gani hajui na hatamdanganya mtu. Choya anywe akipenda, mchicha ale, lakini bila utamu wowote, na vidonge havina mbadala.

Kisha akafungua kile kitambaa. Akaosha bizari yote, beseni likajaa maji ya njano, na chini yake kidonda kikatoa damu kidogo. Daktari akafurahi.

"Damu inafika. Vizuri sana hii."

"Sasa nyekundu imekuwa nzuri tena?" akauliza mama wa kashata. "Jamani, hospitali yenu!"

Huo ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu dirishani, na nilishusha pumzi. Daktari akamwambia kidole hakikati leo. Abaki Kiomboi, kila asubuhi aje kidonda kioshwe na mkojo upimwe. Bomba likirudi buluu, atarudi mjini na vidole vyake vyote na sinia lake. Likibaki tofali, basi hawatabishana tena. Vitanda vimejaa, akasema, na mtu anayeweza kutembea atafute pa kulala karibu.

Tukakaa nje kwenye benchi. Alikuwa ameshika mfuko wa vidonge kwa mikono miwili.

"Nyumbani siwezi kukaa," akasema. "Kila mgeni akija analeta kitu kitamu, na mimi ndiye niliyewazoesha." Akaugeuzageuza ule mfuko. "Wewe unakwenda wapi sasa?"

"Sijui."

"Basi una nafasi."

Hakuomba zaidi ya hapo. Nikabeba galoni kwa mkono mmoja na ndoo ya dada kwa mkono wa pili, tukashuka polepole kuelekea lile paa nyuma ya soko.

Mama wa Kiomboi alitupokea kama tuliopotea na kupatikana. Aliposikia habari ya asali akashika kichwa, akasema maneno mengi kwa Kinyiramba ambayo nadhani yalikuwa ya kuwasuta nyuki. Tulipomwomba pa kulala, furaha yake ikasitasita.

"Chumba kipo," akasema. "Kizuri, kikavu, kina mlango. Ila..."

Akatufungulia. Harufu ilitupokea kabla ya macho. Mumewe alikuwa mrina asali, na chumba kile ndipo alipoweka mavuno: madebe ukutani mpaka darini, mengine yamefunikwa kwa majani ya mgomba, na nyuki mmoja mwenye uchungu anazunguka akitafuta mali yake.

Tulisimama mlangoni sote watatu. Nilimwangalia mama wa kashata pembeni, na sikujua nitaona nini. Mabega yalianza kutikisika, kisha kifua, kisha akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango asianguke.

"Nimekimbia sukari mjini," akasema akifuta machozi, "nimekuja kulala chumbani kwa dada yake!"

Tukajipanga. Mama wa Kiomboi alileta mikeka miwili. Mkeka wa mama ukawekwa kando ya dirisha, wangu katikati, kati yake na madebe. Kilikuwepo kitanzi cha kamba darini, juu ya upenyo wa kuingilia ile kona ya madebe, nikatundika hapo ndoo ya dada, ikae vibaya makusudi, atakayepenya gizani aiangushe na kuamsha Kiomboi nzima. Mama wa kashata akaikagua, akaisukuma kidogo kwa kidole, ikalia kama kengele ya shule. Akaridhika.

Kisha akatoa kile kichupa chake. Chini kabisa kilikuwa bado na asali iliyoganda, kijiko kimoja labda. Akakipindua juu ya mwanga wa dirisha akakitazama, halafu akampa mama wa Kiomboi.

"Rudisha kwenu."

Nikammiminia choya kwenye kikombe cha bati, tupu. Akaketi kwenye mkeka, akanyoosha mguu wenye kitambaa cheupe kipya, akasema bismillah, akanywa yote bila kushusha. Macho yakafumba. Uso ukakunjamana mpaka nikadhani hautarudi. Halafu akatoa ulimi nje, mwekundu kama kashata zake, akataka tumwambie umekamata au haujakamata.

"Umekamata, mama."

"Haya," akasema, akinyoosha kikombe. "Tia kingine upesi, ulimi ukiwa bado haujajua."